Uzi Mwekundu Ndani ya Gunia

Kazi yangu ilikuwa kujua ni plastiki kiasi gani inayokusanywa Taita Taveta na kupelekwa kutengenezwa upya. Hakuna aliyekuwa na takwimu za kuaminika. Nilipita kwa vikundi vya milimani na kwa wanunuzi mjini Voi, kila mtu ananisomea daftari lake, nami najumlisha.

Baada ya miezi miwili nilianza kushuku. Hesabu ya akina mama wa Wusi, kikundi kimoja cha milimani, ikipanda, ya mnunuzi mmoja wa Voi nayo inapanda. Ikishuka, inashuka. Mnunuzi huyo alikuwa mama wa makamo, mtu wa Pwani, na kila nilipofika alinikaribisha chai kabla sijatoa kalamu. Ukarimu wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Nikajiambia, huyu ananakili daftari la wenzake.

Nilipopanda tena Wusi, nilisubiri akina mama wageuke, nikatumbukiza kipande cha uzi mwekundu ndani ya kila gunia la chupa. Sikumwambia mtu. Siku tatu baadaye niko uani kwa yule mama wa Voi, namwaga chupa chini kama askari anayepekua nyumba. Uzi ukaonekana. Gunia la pili, uzi.

"Haya ni ya Wusi," nikasema.

"Ndiyo. Huwa wananiuzia mimi."

"Na umeyaandika kama yako!"

Aliweka kikombe chini. "Mwanangu, hukuniuliza yametoka wapi. Uliniuliza nimepima kilo ngapi. Nikakujibu."

Nilibaki nimeshika gunia tupu. Akina mama hawakudanganya, naye hakudanganya. Mimi ndiye niliyehesabu chupa zile zile mara mbili, na ripoti nilishapeleka. Nilipiga magoti nikaanza kuziokota. Chai alinipa, lakini siku hiyo hakuketi nami.

Niliongeza swali kwenye fomu: mzigo umetoka wapi? Nikahesabu upya, nikaandika ripoti mpya; jumla ikaanguka vibaya. Ofisini, mkubwa wangu aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kwani huko Voi umekuwa ukifanya nini?"

Nilieleza. Hakuniamini. Wiki iliyofuata alimtuma mtu mwingine, kimya kimya, anichunguze. Nilijua kwa sababu yule mama alinipigia simu.

"Kuna bwana hapa anauliza kama mimi na wewe tuna njama."

"Umemjibu nini?"

"Nimempa mizani. Apime mwenyewe."

Siku chache baadaye niliikuta ripoti yangu mpya mezani, mkubwa wangu ameitia sahihi.