Yangeyange wa Kamsamba Tuliowahesabu Mara Tatu

Nilijiunga na kikundi cha watazama ndege cha Tunduma kwa sababu ya udadisi tu, ugonjwa ulionitoa shule nikiwa darasa la sita na ambao haujapona mpaka leo. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa utingo wa malori, nimechuma kahawa Mbozi, nimechoma mkaa Ndalambo, na nimeendesha bodaboda ya mtu mpaka mwenyewe akaja kuichukua. Asubuhi moja nikawakuta watu wanne wamesimama kwenye jalala la pembezoni mwa mji, wameinua vichwa, wanatazama juu ya takataka kwa darubini. Nilidhani ni mafundi wanaotafuta kosa kwenye mnara wa simu. Nikauliza. Mzee mmoja mwenye kofia ya kijani akanivisha darubini shingoni.

"Yule mwewe. Niambie macho yake yana rangi gani."

"Kahawia."

"Mmesikia?" akawaambia wenzake. "Huyu ana macho."

Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu, na wote tulimwita Mwalimu. Baada ya wiki mbili nikaelewa kwa nini alinifurahia vile. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamechoka, na hakutaka mtu yeyote ajue. Tulijua wote.

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza kudondoka na ndege wa ng'ambo wanapowasili, kikundi chetu hujigawa wawili wawili na kwenda kuhesabu. Ni kazi ya kujitolea. Kila wawili wana njia yao yenye vituo vitatu. Mmoja anataja, mwingine anaandika. Njia ya Mwalimu ilikuwa Kamsamba, kule bondeni, kando ya mfereji wa majaruba ya mpunga. Alianza kuipita akiwa mwalimu kijana aliyepangiwa kazi huko, kabla hata ya kikundi kuwepo. Aliizungumzia kama mtu anavyozungumzia shamba la urithi.

Mwaka huo mimi nilipangwa naye, na urithi ulikuwa hatarini. Katibu wetu ni mwanamke, wakala wa forodha, na anasoma madaftari ya ndege kama anavyosoma nyaraka za mzigo unaovuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Mwaka uliotangulia Mwalimu alimletea yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, wengi kupita njia nyingine zote zikijumlishwa.

"Mwalimu, hawa ndege wamezaliana ndani ya daftari," alisema. Na tulipokuwa tunaondoka safari hii akarudia onyo mbele ya kila mtu: "Ukiniletea tena hesabu nisiyoiamini, nafuta njia ya Kamsamba. Utahesabu kunguru hapa kwenye maegesho ya malori."

"Binti yangu, mimi kunguru?"

"Ni ndege pia, Mwalimu."

Tulilala Kamsamba, na kulipopambazuka tulikuwa kwenye mfereji. Jua la kule halisubiri mtu aoge. Mwalimu alivaa koti la kijani juu ya shati la kijani ili ndege wasimwone, halafu akakohoa mpaka wakaruka.

"Wewe taja," akaniambia. "Mimi nathibitisha."

Kuthibitisha kwake kulikuwa hivi: mimi nilitaja ndege wa kushoto, yeye akaelekeza darubini kulia, akasema "Naam," akaandika.

Kituo cha kwanza tulikuta kundi kubwa la ng'ombe kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, na yangeyange kati yao kama nguo zilizoanikwa. Nikahesabu sitini na mmoja. Kituo cha pili, mbele kidogo kwenye mfereji, ng'ombe wengine na yangeyange hamsini na tisa. Kituo cha tatu, sitini na wawili. Mwalimu alijumlisha kichwani haraka kuliko simu.

"Mia na themanini na mbili! Na safari hii nina shahidi mwenye macho. Kunguru awahesabu katibu mwenyewe!"

Ndipo mama mmoja wa makamo akatoka nyuma ya ng'ombe, fimbo begani, kanga imefungwa kichwani. Hakuwa na furaha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Mzee, tangu alfajiri mnanifukuza. Ng'ombe hawajashika nyasi mdomoni, ninyi mmeshatokea na daftari. Kama mnataka idadi, nendeni nyumbani mkaongee na mume wangu."

"Idadi ya nini?"

"Ya ng'ombe. Mtu na daftari huku anataka nini kingine? Leo anahesabu, kesho tunaambiwa tumezidi, tuhame."

"Sisi tunahesabu ndege," nikasema.

Alimtazama Mwalimu kuanzia kofia mpaka viatu. "Ndege?"

"Ndege."

"Watu wazima wawili?"

Nikawatazama ng'ombe wake na wale weupe kati yao. Kichwani mwangu kitu kilikuwa kimeanza kusogea. Nikamuuliza amewahamisha ng'ombe mara ngapi tangu alfajiri.

"Mara mbili. Mkitokea kule, nawaswaga huku. Na hawa weupe wanakuja nyuma, hawana kazi nyingine." Akamgeukia Mwalimu. "Hiyo kofia naijua. Mwaka jana pia ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa na mwenzangu mwingine," Mwalimu akajibu polepole.

"Mwaka jana nilihama vituo vyote. Miguu iliniuma siku mbili."

Mwalimu akafungua daftari, akalitazama, akalifunga. Mia na themanini na mbili walikuwa sitini hivi, na wale wa mwaka jana walikuwa hawa hawa, wamezungushwa. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ikaniongoza vibaya.

"Mwalimu, katibu hayupo hapa," nikasema.

"Yupo," akajibu. "Yupo tangu jana, amekaa hapa begani." Akachomoa kalamu, akapiga mstari juu ya namba zote tatu, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. "Mama, tafadhali simama na ng'ombe wako hapo hapo. Ndege tu, naapa."

Tukahesabu upya, mama akiwa katikati yetu. Nikapata hamsini na wanane.

"Sitini na mmoja," akasema mama bila kugeuka. "Watatu wanabaki nyuma na yule ndama kilema. Na yule juu ya dume jeusi umemhesabu? Ndiye mwenye mguu mchafu, hashuki huyo."

Nikaenda nyuma. Watatu walikuwepo; yule wa dume jeusi nilikuwa nimeshamhesabu. Mwalimu akaelekeza darubini upande wa mto, akasema "Naam," akaandika sitini na mmoja.

Kesho yake tulikuwa Tunduma, kwenye ofisi ya katibu, malori yakinguruma dirishani. Mwalimu hakukaa. Aliweka daftari mezani likiwa wazi kwenye ukurasa uliochanika, akamweleza yote: mama, kuhama, kofia. "Na za mwaka jana pia uzifute," akamalizia. "Ulikuwa sahihi. Niambie kunguru nianze lini."

Katibu aliusoma ukurasa mpaka chini. Kisha akaanza kucheka, akajaribu kuzuia, akashindwa.

"Kwa hiyo yule mama ndiye alikuwa anakuletea ndege kituo kwa kituo?"

"Kwa miguu yake."

"Mwalimu, ninashughulika na wenye mizigo kila siku. Hajawahi kuja mmoja kuniambia mwenyewe kwamba alichoandika si kweli." Akapiga mhuri wa kikundi juu ya ile sitini na mmoja. "Njia inabaki. Ila mwakani yule mama ndiye shahidi wa pili."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utakuwa umeshahama, kama kawaida yako. Ukiwepo, utabeba chupa ya chai."

Maneno hayo yalinikaa, maana yalikuwa kweli. Sijui kama nilibaki kwa ubishi au kwa udadisi, lakini mvua za kwanza zilizofuata zilinikuta bado Tunduma, na chupa nikaibeba mimi. Tulimkuta mama kituo cha kwanza, ng'ombe wametulia wanakula.

"Mbona mmechelewa?" akasema. "Yule wa mguu mchafu ameshaanza kunisumbua."

Mwalimu akainua darubini kuelekea kwenye mfereji mtupu.

"Naam," akasema, akaandika.