Mkoba Uliotundikwa Mapema

Mdogo wangu Wiepkje amesafisha ofisi za watu tangu ana miaka kumi na saba, na hajawahi kudokoa hata kalamu. Uongo wake mkubwa ni mmoja tu, na huo nilimpa mimi moyo wa kuusema. Naona haya hata kuandika.

Binti yake, Jildou, alikuwa na akili za kutisha. Alipokaribia kumaliza shule ya msingi hapa kijijini, mwalimu Hoekstra alimwita mama mtu, akamwambia huyu ni wa gimnasio ya mjini, sekondari ya miaka sita ya wenye vichwa, kisha chuo kikuu. Wiepkje akaja jikoni kwangu akihema.

"Dada, akienda kule si atarudi kuniona mshamba?"

"Mpeleke shule ya ufundi na wenzake," nikamjibu. "Kwani tunataka kujifanya nani sisi?"

Ndivyo tulivyo huku Friesland, kaskazini mwa Uholanzi: anayewazidi wenzake tunamsema mpaka anywee. Wiepkje akajaza fomu ya shule ya ufundi, miaka minne, akamwambia mtoto kwamba mwalimu ndiye aliyeshauri. Hoekstra akahamia mji wa Zwolle kiangazi kilekile, hakuna aliyeuliza.

Juni iliyopita Jildou alifaulu mtihani wa kumaliza shule, wa kwanza shule nzima. Tukapandisha bendera mbele ya nyumba na kutundika mkoba wake wa shule kwenye mlingoti, kama kila nyumba yenye aliyefaulu, barabara nzima ione. Tulikuwa tunakata keki uani baiskeli iliposimama. Hoekstra, kaja kusalimia kijiji.

"Jildou! Mbona mapema hivi? Gimnasio si miaka sita? Au umeruka madarasa, mtundu wewe?" Akacheka. "Nilimwambia mama yako utatushangaza!"

Wiepkje aliiva uso hadi masikio. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, kicheko kikamkauka, akaaga na kuondoka.

"Mwanangu," Wiepkje akaanza, "mimi ndiye niliye…"

"Basi, mama." Jildou hakupaza sauti. "Miaka minne namchukia yule mzee. Kila mtihani nasema, nitamwonyesha. Kumbe ndiye peke yake aliyeniamini."

Akachukua baiskeli, akamfuata mwalimu mbio kumwomba radhi. Sisi wawili, tuliopaswa kuiomba, tukabaki na keki yetu, hata kutazamana hatuwezi.