Bwana Yaani na Neno Dawa

Hakufukuzwa kwa ulevi. Hao wanaosema hivyo hawakumwona marehemu mume wangu na glasi mkononi hata siku moja, na wengine wao walikula mezani kwake. Mdomo hauna kufuli, lakini nyumba hii ina mwenyewe.

Kazi yake katika kituo cha utafiti wa kilimo ilikuwa kuyafikisha maneno ya watafiti kwa wengine: kwa wakubwa wa wizara kwa michoro, kwa wakulima kwa vipeperushi na redio. Walimwita Bwana Yaani, maana hakuna alichokisema bila kukifafanua. Kila alichoandika alimsomea kwanza mama yake, aliyekuwa akichambua maharage sebuleni. Mama mkwe akisinzia, ukurasa unachanwa.

"Mama, hujaelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu. Ndiyo maana nimelala."

Mwaka mmoja kituo kilipata unga wa kuua dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, na kipeperushi kikaandikwa: Dawa Mpya ya Mahindi. Alipokwenda kukisoma kwenye mkutano wa wakulima, mama mmoja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Baba, mtoto mwenye minyoo anapewa kijiko kizima au nusu?"

Watu wakaangua kicheko. "Mpe debe, shangazi, minyoo ikome!"

Mume wangu hakucheka. Mama yule hakuwa mjinga. Ya mtoto tunaiita dawa, ya panya tunaiita dawa, angejuaje?

Akarudi kwa mkuu wake kuomba neno moja libadilishwe, liwe sumu.

"Bwana Yaani, ukiandika sumu nani atanunua? Na wafadhili wako njiani."

"Mzee, akifa mtoto nani atazika?"

"Vimeshachapwa. Kasome redioni kilichoandikwa."

Nyumbani aliniuliza, "Mama watoto, tutaishi kwa mshahara wako wa ualimu?"

"Tutaishi."

Kesho yake alikisoma kipeperushi chote hewani, na kila penye dawa akasema sumu. "Sumu mpya ya mahindi. Yaani inaua wadudu, na mtu pia." Wiki haikuisha wakamwachisha kazi. Ulevi wakauzua baadaye: mtu mwenye akili timamu angewezaje kuiita dawa sumu?

Vipeperushi vilivyofuata viliandikwa sumu. Yeye hakurudishwa, wala redioni hakusikika tena mpaka tunamzika.

Msibani mkuu wake alikuja, akaketi mstari wa mbele. Kabla wasifu haujasomwa akaninong'oneza, "Shemeji, tuseme alistaafu. Inapendeza zaidi."

Nikaichukua karatasi mkononi mwa msomaji, nikasoma mwenyewe: "Aliachishwa kazi kwa kusema sumu ni sumu. Yaani alifukuzwa."

Jina la mkuu huyo msilitafute kinywani mwangu. Wala alichonijibu. Sisemi.