Kadi ya Milango Minne

Bado naikumbuka ile siku, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote hapa Bukavu, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kutengeneza kadi yangu ya kwanza ya elektroniki.

Dada yangu Furaha alikaa na watoto wake mtaa wa Cimpunda, nyumba ya mwisho chini ya mteremko. Udongo ulikuwa umeanza kuteremka nyuma ya jiko lake, na pa kuhamia hakuwa napo. Nikaamua kumwekea mashine ya kumwonya: vipimo vitatu vya maji kwenye mifereji, na kifaa cha simu cha kumpigia. Lakini mikrokontrola yangu, kikompyuta cha kuendesha mashine, ile ndogo ya wanaojifunza, ilikuwa na porti moja tu ya seri, yaani mlango mmoja wa kuongea na chombo kimoja. Ndipo nikabuni kadi ya kuipachika juu yake, yenye milango minne. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Bamba la shaba nikalichovya kwenye dawa ya kuchonga njia za umeme mpaka vidole vikageuka njano. Usicheke, wewe unayeagiza kila kitu kwa simu.

Niliipeleka kwa Papa Murhula, mwalimu wangu wa elektroniki, mtu mpole lakini mgumu kuridhika. Aliigeuzageuza, akaisifu, kisha akauliza:

"Ulisha onja?"

"Ndiyo, Papa. Nilipima milango yote, moja moja. Yote iko inasema."

"Kwetu, mwenye kukuletea kasiksi anaonjaka kwanza. Anaonja ya mu kibuyu ingine? Ile ile yenye mugeni atakunywa! Sasa mvua ya Cimpunda inanyeshaka mu mufereji moja moja?"

Nilinuna. Kasiksi ni pombe ya ndizi, nikawaza, inahusiana nini na kadi yangu? Yeye akaleta ndoo za maji, tukatumbukiza vipimo vyote kwa pamoja huku simu ikipiga. Viwili vikasema. Cha tatu, kimya. Ujumbe wake ulifika wakati mikrokontrola inashughulika na simu, na chipu niliyoichagua kuendesha milango ya kadi haikuwa na nafasi ya kuuhifadhi, ukapotea. Na hicho kilikuwa kipimo cha mfereji wa nyuma ya jiko la Furaha.

Nilitafuta chipu nyingine, yenye nafasi ya ujumbe kusubiri zamu, nikachora kadi upya. Ilipokubali kwenye ndoo, nilidhani yameisha.

"Bado hauyaonja," akasema Papa Murhula. "Enda ukae kwa dada yako mupaka mvua kubwa ya kwanza."

Nikahamia kwa Furaha, nikaifunga mashine kwenye mifereji yake. Mchana mmoja mvua ikaja, simu ikalia: mfereji wa tatu. Nilimbeba mtoto mdogo, Furaha akawavuta wengine, tukasimama kwa jirani ng'ambo ya njia tukitazama tope likiingia jikoni. Sufuria ya maharagwe ilikuwa bado motoni.

Mwanangu, ukitengeneza kitu ambacho uhai wa mtu utakitegemea, usikipime kwa namna inayokufurahisha wewe. Kipime kama kitakavyotumika, tena ukae nacho katika nyumba ile ile, kabla hujamwachia mwenyewe. Mungu aibariki mikono yako, na kila unapomaliza kazi akuletee mtu wa kukuuliza kama umeonja.