Fungu la Aliyekwenda Mkongeni

Mwaka ambao mvua ziliwahi, mto Kavuu ulijaa nikiwa ng'ambo, peke yangu na mzigo wa nta, nikashindwa kurudi nyumbani. Mambo mengine ya miaka ile ya hamsini nayakumbuka kwa kuyatafuta. Hili huja lenyewe, mara nyingi nikiwa nimeketi katika nyumba ya wageni ya mji nisio na shughuli nao, nasubiri chai.

Kwetu ni Mamba, kwenye mpunga. Lakini upande wa mama walikuwa watu wa nyuki, na mjomba wangu alikuwa na mizinga ya magome ndani kabisa ya pori. Zamani humo mlikuwa na vijiji. Serikali iliwahamisha watu kwa ajili ya malale, wakabaki mbung'o na tembo, na mawe ya kusagia yaliyolala kwenye majani. Mtu akipatwa na shida huko hakuwa na mlango wa kubisha hodi. Kwa hiyo kila kiangazi, kabla hatujagusa mzinga hata mmoja, tulikwenda kwanza kuweka akiba.

Akiba ilikaa kwenye vilindo, masanduku ya mviringo ya magome ya mti. Tulitia unga wa mtama uliokaangwa, dagaa wakavu wa ziwani, karanga, chumvi na kiberiti. Mfuniko hatukuuziba kwa nta, maana nyegere huifuata nta popote ilipo. Tuliuziba kwa utomvu na majivu. Kisha tulitafuta mwamba wenye ufa, tukaviingiza humo na kuziba mdomo kwa jiwe ambalo nyani hawaliwezi.

Nasema "tulikwenda" kwa sababu nilikwenda na binamu yangu, mtoto wa huyo mjomba. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la kumi, nikakataa kazi ya ofisini, na hilo halikumwishia hamu ya kunitania.

"Sukuma, karani!" alikuwa akisema tukilisogeza jiwe. "Jiwe likimliza karani, nyani hata hajaribu."

"Nyani mwenyewe ni wewe."

"Mimi nyani, sawa. Lakini nani kati yetu aliimba kwa Kilatini na leo anabeba dagaa?"

Mtoto wa mjomba ni mtani wako. Shati lake nililivaa bila kuomba, naye panga langu alilichukua akanitukana juu yake. Lakini vilindo havikuingia katika utani. Kila mmoja alikuwa na chake, kimechanjwa alama ileile iliyokuwa kwenye mizinga yake, na hakuna aliyegusa cha mwenzake. Kwa watu wa mama yangu, mtu wa nyuki akifa, binamu yake ndiye anayekwenda porini kula akiba aliyoiacha. Hiyo ni sehemu ya matanga. Akishamaliza kula, mizinga hugawiwa, na wazazi hunyoa nywele.

Kiangazi kimoja binamu yangu alijiandikisha kwenda kukata mkonge pwani. Alitaka baiskeli, na alitaka kuona bahari, sijui kipi kilitangulia. Nilimsindikiza mpaka stesheni ya Mpanda. Aliingia behewani na wenzake, akatoa kichwa dirishani.

"Wewe karani! Unga wangu usiuguse. Nikikuta hata panya kaonja, nitasema ni wewe."

"Unga wako unanuka kama miguu yako. Nani atautaka?"

"Mvua hazitanikuta huko."

Zilimkuta. Zikamkuta na za mwaka uliofuata. Waliokwenda naye wakaanza kurudi, mmoja akasema alimwona Tanga, mwingine akasema alihamia shamba jingine, wa tatu hakumkumbuka kabisa. Mjomba aliwasikiliza wote, akawapa pombe ya asali, akawashukuru. Mkewe alitaka misa isomwe. Mjomba akamwambia kwamba padre hasomei misa mtu aliyeko safarini.

Nikawa nakwenda porini peke yangu. Mjomba alinipa unga wa vilindo viwili. Kila nilipofika kwenye mwamba nilikata mti nikalibenua jiwe, nikatoa unga wa binamu uliokwisha kuingia wadudu, nikaumwagia ndege, nikajaza mpya. Ndege walinizoea, nikifika tu wanakusanyika. Siku hizo nilizoea kusema kwa sauti, nikijitukana kwa maneno yake kisha nikijijibu. Ukimya uliokuja baada ya jibu ulinitisha, nikaacha.

Ndipo ulipokuja mwaka huo wa mvua. Nilipofika mtoni maji yalikuwa yamepanda kwenye majani, yanavuta magogo. Nilirudi kwenye mwamba, nikafungua kilindo changu, nikala kwa kujipimia. Halafu homa ikanishika. Mizinga nilikuwa nimekwisha kuirina na asali kuivusha, uyoga ulikuwa bado, na miguu haikunibeba kwenda kutega hata kanga. Kilindo changu kikaisha, nikalamba gome.

Kilindo cha binamu kilikuwa kandokando ya changu. Nilikigeuza ili nisione alama. Haikusaidia kitu. Sikuogopa kuitwa mwizi, kwani nani angeniita? Niliogopa kwamba kwa watu wa nyumbani binamu alikuwa hai kwa sababu mimi sijala, na nikishakula atakuwa amekufa, na nitakuwa nimemuua kwa kijiko. Nilijaribu kujiambia kama msomi kwamba unga ni unga. Nililala chini ya mwamba, mvua inapiga, na usomi wangu wote haukufungua mfuniko ule. Kilichoufungua ni njaa. Siku moja mchana mikono ilikwenda yenyewe. Nilikoroga unga kwa maji ya mvua, nikala, nikatapika, nikala tena. Ulikuwa mtamu. Hilo sikupata kumwambia mtu.

Kilindo kile kilinivusha mpaka mto ulipopungua.

Nilifika Mamba nimekonda, watoto wakanikimbia. Mjomba alikuwa uani anachonga mpini, mkewe anapepeta mchele. Walifurahi, wakanipa maji. Nilikunywa, nikasema kabla sijapoteza moyo.

"Mjomba, nimekula cha ndugu yangu."

Ungo ukaanguka. Mkewe akaketi chini, akanyoosha miguu, akaanza kulia kwa sauti ile ambayo jirani akiisikia haulizi, anakuja tu.

"Nyamaza!" mjomba alisema. "Aliyekula ni huyu, na huyu mzima. Nani kafa hapa?"

"Amekula yeye, binamu yake! Unataka uambiwe na nani?"

"Amekula kwa njaa. Hakula kwa matanga."

"Tumbo linajua tofauti?"

Wakinamama walikuwa wamekwisha kuingia uani. Mmoja akamnyoa shangazi, maana mke wa mjomba nilimwita shangazi, siku hiyohiyo. Mjomba alikataa wembe. Tangu hapo nyumba ile ikawa na mama aliyefiwa na baba anayengoja, wanakula sahani moja. Shangazi hakunichukia. Alinipakulia nyama kama anavyopakuliwa mtu aliyemfanyia mtoto wake kazi ngumu. Lakini hakutwanga tena unga wa vilindo, na kiangazi kilipofika mjomba alitwanga mwenyewe, mchana, mbele ya watu.

"Mzee, nyie kwenu mmebadilishana?" kijana mmoja aliyekuwa akipita njiani alimtania. "Kesho utabeba na mtoto mgongoni?"

"Nitakubeba wewe, mamako kachoka," alijibu, akaendelea kutwanga.

Niliupeleka unga ule. Niliujaza kwenye kilindo cha binamu, nikarudisha jiwe, nikajua sitarudi pale tena. Hakuna habari yake iliyokuja, ya uzima wala ya kifo, hadi leo. Nimepita mashamba mengi ya mkonge tangu wakati huo, nikijifanya nina shughuli, nikitazama watu wa umri wetu wanapotoka kazini.

Asubuhi niliyoondoka kwenda kupanda treni Mpanda, mjomba alinisindikiza mpaka njia ya Kibaoni. Hakuniuliza nitarudi lini. Aliuliza, "Na chako nikujazie?"

Alikuwa amezeeka. Niliona angekwenda kweli, ng'ambo ya Kavuu, na unga mgongoni, alibenue jiwe peke yake, kila mwaka. Na nikifa mimi, binamu hayupo, nani angebaki wa kuula?

"Usinijazie, mjomba," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kukubali, akageuka. Nilisimama nikamtazama mpaka njia ilipomficha, kisha nikaenda zangu.