Mwalimu Funika Nje ya Mlango

Kaka yangu ana kinanda chenye vibonyezo viwili vilivyokufa, chumba kimoja cha kufundishia, na ubishi usio na dawa. Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Funika, maana hata hujakaa vizuri kwenye stuli, atakwambia, "Funika kitabu!" Kisha anakupa noti tatu za kupiga, si zaidi, na kukuambia kwamba hayo ndiyo maneno yako. "Haya, nieleze ulivyoamka leo."

Eti ulivyoamka! Mimi ni fundi cherehani. Mteja akileta kitambaa nampima kiuno, simuulizi ameamkaje. Nilimcheka kaka miaka na miaka. Lakini sisemi uongo, watoto walimpenda. Kuna mmoja mwenye kigugumizi, darasani alikuwa hafungui mdomo. Kwa kaka alizipiga zile noti zake tatu mpaka wenzake wakacheka pale pale alipotaka wacheke. Kaka alirukaruka chumbani utadhani yeye ndiye mtoto.

Sheria yake ilikuwa moja: ukikosea, usisimame. Kosa lipige tena kwa makusudi, halafu litafutie njia ya kutokea. "Ukilirudia si kosa tena," alikuwa akisema, "ni wazo."

Binti yangu alianza kwake akiwa na miaka tisa. Alipofika kumi na saba akataka kwenda chuo kusomea ualimu wa muziki, kama mjomba wake. Chuo kilitaka afaulu kwanza mtihani wa kupiga: kipande kimoja, kama kilivyoandikwa, mbele ya mtahini. Na kozi yenyewe ilikuwa inafungwa baada ya mwaka ule. Akikosa, basi tena.

Nikamfuata kaka. "Kaka yangu, nakusihi. Miezi hii miwili mfundishe ya kitabuni tu. Mambo yako ya kuamka yaweke kando."

"Sawa, mdogo wangu," akasema, na kwa kweli alishika neno lake. Kila nikipita nasikia kipande kile kile, mpaka cherehani yangu nayo ikakikariri.

Siku ya mtihani tulimsindikiza. Akaingia, mlango ukafungwa, sisi tukabaki kwenye benchi la korido. Mlangoni walikuwa wamebandika karatasi ya masharti. Kaka, ambaye hajawahi kusoma masharti ya kitu chochote, akaanza kuyapitia kwa kidole kwa kukosa la kufanya. Atakayebadili kipande hapati alama. Atakayepotea anaruhusiwa kusimama na kuanza upya, mara moja. Mtu wa nje akigonga, mtahiniwa anafutwa.

"Hili la kuanza upya sikulijua," akasema. "Sikumwambia."

Kinanda kikaanza. Kikaenda vizuri, kikasita kidogo, mara kikashika njia nyingine, tamu, mpaka nywele zikanisimama. Nikampiga kaka kiwiko. "Umesikia hapo? Huyu mtoto anaweza!"

Kaka alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Hiyo haimo kitabuni. Amepotea ukurasa wa pili. Anabuni."

"Si asimame basi, aanze upya!"

"Hatasimama," akasema. "Miaka minane nimemkataza."

Jamani, hasira niliyopata! Nilitaka kumkaba koo yeye, nilitaka kuung'oa mlango. Nikainuka, ngumi ikafika karibu na ubao, kaka akaudaka mkono wangu. "Ukigonga wanamfuta." Tukabaki tumesimama hivyo, watu wazima wawili, hatuna msaada wowote. Ndani mtoto alikuwa anapiga. Akalirudia kosa lake, akalitafutia njia, na njia akaipata. Nikamwombea mwanangu akwame. Mimi mama yake mzazi, niliomba vidole vife ganzi, asimame hata kwa aibu. Hakukwama.

Alitoka anacheka, akamrukia mjomba wake shingoni. "Mjomba, ulinisikia? Nilipotea kabisa! Lakini sikushtuka hata kidogo. Na mtahini alipenda, maana aliacha kuandika, akaweka kalamu chini, akawa ananisikiliza tu!"

Kaka akamshusha chini taratibu. Akanitazama mimi. Mtaa mzima unanijua kwa mdomo wangu, lakini pale nikajitia kumnyoosha mtoto kola.

"Nilikusikia," kaka akasema mwishowe.

"Sasa ilikuwaje?"

"Sijawahi kumsikia mwanafunzi wangu akipiga vile."

Mtoto akapiga makofi, akakimbilia mwisho wa korido kuchukua begi lake. Kaka akakaa kwenye benchi.

"Mwambie," nikasema.

"Mwambie wewe," akasema, na mtoto alikuwa ameshageuka, anarudi.