Mlango Usio wa Asili

Fundi rangi wa mtaa ule walimwita Mikono Mitatu, si kwa maumbile yake bali kwa ubishi. Hakuwahi kuuacha ukuta kabla hajaupiga mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu, hata mwenye nyumba alie vipi kwamba wa pili unatosha. Kwa miaka arobaini alikuwa amepaka kila dirisha la mtaa huo mkongwe uliobanwa katikati ya jiji, nyumba zake za ghorofa moja zikiwa zimeegemeana mabega kama walevi wanaosindikizana. Zamani ukisema unaishi hapo watu walikuonea huruma. Siku hizi wanatoka mbali kuja kupiga picha nyufa za ukuta. "Jamani, mtaa huu una roho!" wanasema. Roho zilikuwepo, tena nyingi, na zote zilikuwa zimepanga foleni bombani.

Mlango wa Mikono Mitatu ulikuwa wa pinki. Pinki ya kupayuka, ambayo mpita njia akiiona ghafla anarudi nyuma hatua moja. Wengi walidhani fundi anamalizia makopo. Kumbe ni macho ya mkewe yaliyokuwa yanaaga. Mama wa watu aliiona dunia kama imechovywa kwenye maziwa. Nyumba thelathini za mtaa, kila moja na vidato vyake vitatu, kwake zilikuwa nyumba moja iliyorudiwa mara thelathini. Lakini pinki ile aliiona tangu kona ya duka la mikate. Kwa hiyo alitoka peke yake, akanunua mkate, akasengenya wa kusengenywa, akarudi bila kushikwa mkono na mtu.

"Siku utakayonishika mkono barabarani," alimwonya mumewe, "iwe umekuja kunitongoza upya."

Balaa aliileta jirani wa kushoto, karani wa mahakama aliyestaafu kazi lakini hakustaafu vifungu. Aliiandikia Ofisi ya Majengo ya Kale barua ya kurasa sita, kwamba pinki ile inamtia kipandauso na kuinajisi historia. Milango yote, akaandika, irudishiwe rangi ya asili. Na kwa kuwa nyumba zote zilijengwa mwaka mmoja na mkandarasi mmoja, ukichunguzwa mlango mmoja, huo ushuhudie kwa niaba ya mingine yote. Uchunguzwe huo wa pinki, ili mkosaji aaibike.

Ofisi ikafurahi sana kupunguziwa kazi. Ikajibu kuwa mkaguzi atakuja baada ya wiki tatu, atakwangua mpaka tabaka la chini kabisa, na rangi atakayoikuta ndiyo itakayopakwa.

Mikono Mitatu hakuhitaji mkaguzi. Alishaikwangua milango ile mara nyingi, akijua kilichoko chini: kahawia. Kahawia ya matope, milango thelathini.

"Basi mimi ndio nimeshafungwa," mkewe alisema. "Nitakaa humu ndani nikusikilize unavyokoroma mchana."

"Mama watoto, nipe hizo wiki tatu."

Akaung'oa mlango kwenye bawaba, akatundika shuka mahali pake, akaulaza mlango uani. Akaukwangua hadi kwenye mbao. Kisha akaanza upya: pinki kwanza, juu yake rangi ya maziwa, kijani, kijivu, kahawia, na pinki tena. Kila tabaka likikauka alilifukiza moshi wa mkaa, akalisugua kwa vumbi na masalia ya chai, akalichanja kidogo kwa msumari kama limegongwa na watoto wa karne iliyopita. Mlango ule ulizeeka miaka mia kwa siku ishirini.

Mkaguzi alikuwa binti mwenye lenzi shingoni na kisu kidogo cha kukwangulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kwangua taratibu, hiyo ni historia ujue."

Binti akakwangua, akachungulia, akakwangua tena. Mara akaruka. "Pinki! Hadi kwenye mbao! Mtaa mzima ulikuwa wa pinki!"

"Haiwezekani!" karani akafoka.

"Ni hoja yako mwenyewe, mzee. Ukurasa wa nne."

Mikono Mitatu alikuwa bado anachekea kwapani aliposikia vizuri yale maneno: mtaa mzima. Kicheko kikamkauka. Kazi ya kupaka akapewa yeye, kwani fundi mwingine hakuwepo, akaipiga mikono yote mitatu huku anakwenda mbio kuelekea maangamizi yake.

Siku rangi ilipokauka, mkewe alitoka kununua mkate. Akarudi, akaingia, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi.

"Yaani nimekutana na watu wanalisifia lile jitu la jirani yako," akaanza. "Karani gani yule, shingo kama mfereji! Na wewe lile rundo la makopo uani utaliondoa lini?"

"Kesho," karani akajibu kwa sauti nyembamba, maana kochi lilikuwa lake.

Karani akamrudisha kwa mumewe. Akamshika mkono.

Siku nne mama hakutoka. Hakusema kitu, na mke wa fundi asiposema kitu, hata paka anahama. Siku ya tano Mikono Mitatu akaenda ofisini akakiri kila kitu, moshi, chai na msumari. Mkaguzi akamsikiliza kwa upole.

"Mzee wangu, unajisingizia. Ripoti imeshachapwa. Kuna hadi kalenda ya milango ya pinki."

"Njoo ukwangue wa karani."

Akaja, akakwangua, akakuta kahawia imelala kwenye mbao. "Huu," akasema, "ni uchafu wa mbao."

"Basi mimi naupaka wangu uchafu huohuo."

"Huruhusiwi." Binti akafikiri. "Labda wako upakwe, tuuhifadhi kama mfano wa uharibifu. Kwa ajili ya mafunzo."

Ndivyo mlango pekee wenye rangi ya kweli ulivyopigiliwa kibao cha shaba: *Mlango huu si wa asili.* Katikati ya mtaa wa pinki, kahawia ile ilionekana kama jino bovu kwenye ufizi, na mama aliiona tangu kona ya duka la mikate.

Asubuhi moja alirudi na mkate wake, peke yake, akakuta wapiga picha wamemzibia vidato. Mmoja akamwelimisha: "Mama, huu si wa asili, wameuharibu."

"Najua. Aliyeuharibu nimelala naye miaka thelathini na nane," akasema. "Nipishe, mwanangu, mkate unapoa."